Kiza kilicho nyuma ya jani

Karakanani kwangu kuna taji la nguzo, yaani kile kichwa cha nguzo kinachochongwa mapambo, la mawe ya chokaa, nakala niliyoichonga mwenyewe kwa kufuata moja la Southwell. Juzi mwanafunzi wangu aliligeuza-geuza akauliza: "Fundi, hili ni jani la mti gani?" Nikamwambia aliache jani kwanza, atazame kiza kilicho nyuma yake.

Southwell ni mji mdogo wa Nottinghamshire, Uingereza. Kanisa kuu la pale lina ukumbi wa pembe nane, walimokuwa wakifanyia vikao mapadri wake, na ujenzi wake ulianza mwaka 1288 hivi. Dari ni la mawe, na hakuna nguzo ya katikati ya kulibeba. Hilo peke yake ni ufundi mkubwa, lakini watu huenda kuangalia majani: mwaloni, mzabibu, waridi mwitu, mepo, hopsi (ile inayotia bia uchungu), na kile kichaka cha miiba ambacho Waingereza huzungushia mashamba. Kila jani unalitambua kwa mkato wa ukingo wake. Kwenye taji moja kuna nguruwe wanaokula matunda ya mwaloni.

Karne moja hivi kabla yake, kwenye kanisa kuu la Wells, hukohuko Uingereza, mtindo ulikuwa mwingine kabisa. Shina nene linapanda, ncha inajikunja kama ngumi, na ukilitafuta jani hilo porini utarudi mikono mitupu. Mimi, nikisema kweli, nalipenda zaidi lile la Wells. Lina nguvu.

Turudi kwenye kiza. Jiwe la chokaa likitoka machimboni huwa bado na maji ndani yake, patasi inaingia vizuri, likishakauka linakaza. Mafundi wa pwani yetu waliochonga mihrabu za matumbawe walilijua jambo hilohilo: tumbawe huchongwa likiwa bichi. Basi fundi anachora jani juu ya jiwe, anapunguza pembeni, anamaliza uso wa mbele na mishipa yake yote. Hapo ndipo anapoingia nyuma. Anatoboa matundu kwa keekee, moja kando ya jingine, kisha anaondoa kuta zilizobaki kati yake kwa patasi nyembamba, hadi jani linabaki limeshikwa shinani na nchani tu, na nyuma yake ni kiza.

Mpangilio huo haupinduliwi. Jani langu la kwanza la mzabibu nilianza kulitoboa nyuma kabla sijamaliza mbele, kwa papara ya ujana. Pigo dogo tu la patasi, jani halikuwa na cha kuegemea, likaanguka miguuni pangu vipande viwili. Kazi ya siku nne.

Kuna wanaosema mafundi wa Southwell walinakili tu walichokiona vichakani. Mbona basi mashina yanaota kutoka kwenye pete ya jiwe shingoni mwa nguzo, na majani yakafuata umbo la taji, kama kengele iliyopinduliwa? Jani walilitoa shambani. Mpangilio waliutunga wenyewe.

Mwanafunzi akawasha tochi ya simu, akamulika kwa mbele. Jani likalala bapa kama limechorwa. Akahamisha mwanga ubavuni, likainuka. Akachomeka kidole nyuma yake, kikazama hadi fundo la pili.