Metani ya Nairobi: Leza Inatofautisha Nini, na Inakwama Wapi

Kujua kiasi cha metani kilichomo hewani hakutoshi kumwambia mtu imetoka wapi. Katika usiku mtulivu wa Julai, hewa baridi inapotuama karibu na ardhi ya Nairobi, chini ya hewa yenye joto zaidi, na kuzuia gesi zisipande, metani hurundikana, na vyanzo vya kushukiwa ni vingi: jaa la Dandora, mabwawa ya majitaka, mazizi ya ng'ombe ya Kiambu, takataka zinazochomwa mitaani. Kazi yangu ni kuvitenganisha kwa isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zinazotofautiana kwa uzito.

Katika kila atomu mia za kaboni, takriban moja ni kaboni-13, iliyo nzito kuliko kaboni-12. Molekuli ya metani yenye atomu hiyo nzito hutikisika polepole kidogo, kama uzi mnene wa gitaa, kwa hiyo hufyonza mwanga wa infraredi wa urefu tofauti wa wimbi, na leza huweza kulengwa hapo hapo. Ugumu uko katika uchache: metani ni karibu molekuli mbili tu katika milioni moja za hewa, na zile nzito ni kama ishirini tu katika bilioni. Ndiyo maana mwanga hufungiwa kati ya vioo vinavyorudisha zaidi ya asilimia 99.99 yake, ukasafiri kilomita nyingi ndani ya kijisanduku kifupi. Kisha leza huzimwa, na tunachopima ni muda ambao mwanga uliobaki unachukua kufifia. Kwa kuwa tunapima muda, leza ikiyumba kidogo kwa mng'ao haituharibii hesabu. Mwinuko wa jiji nao hautusumbui, maana pampu hushikilia shinikizo moja ndani ya chombo. Kinachosumbua ni mvuke wa maji, hivyo hewa hukaushwa kwanza, na mtambo husahihishwa kila mara kwa mitungi ya gesi sanifu.

Matokeo huandikwa kwa sehemu za elfu dhidi ya kiwango cha kimataifa: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo kaboni-13 inavyopungua. Metani ya angani iko karibu na −47. Vijidudu vinavyotengeneza metani hupendelea kaboni nyepesi, kwa hiyo metani ya majaa huwa karibu na −55 hadi −60, ilhali ile ya nyasi za savana zinazoungua ni nzito zaidi sana.

Hapa ndipo majedwali ya Ulaya ya namba za kila chanzo yanapotupotosha. Ng'ombe anayelishwa majani ya nchi za baridi hutoa metani ya karibu −65 au chini yake, lakini nyasi za nepia na mabua ya mahindi ni mimea ya jamii ya C4, inayonasa kaboni kwa njia nyingine ya usanisinuru na hivyo kuwa na kaboni-13 nyingi zaidi, na metani ya ng'ombe wanaoila hukaribia −50 hadi −55. Basi ng'ombe wa Githunguri, huko Kiambu, na jaa la Dandora hukaribiana mno, na mtu akitumia tarakimu za kuazima atagawa lawama kimakosa. Hata ethani, gesi inayoambatana na metani katika gesi asilia, ambayo wenzetu wa Ulaya huitumia kutambua gesi inayovuja, hainisaidii sana: Nairobi haina mtandao wa mabomba ya gesi asilia, na gesi ya mitungi ya kupikia ni propani na butani.

Kwa hiyo napima kwanza kwenye vyanzo vyenyewe, zizini na jaani, kabla ya kuamini kipimo chochote cha hewa ya jiji. Pale kaboni inaposhindwa kuamua, hutegemea haidrojeni nzito iliyomo ndani ya metani, na mwelekeo wa upepo pia: Dandora iko mashariki, na mashamba ya Kiambu yako kaskazini.