Msimnyang'anye mzee simu

Nimeulizwa tena swali lile lile, na safari hii nimeona bora niandike: "Mama ametapeliwa. Tumemnyang'anya simu na laini tumeivunja. Kuna kingine cha kufanya?" Kipo, ila kingekuwa chepesi zaidi kama laini ingekuwa nzima. Kazi yangu ni kuwasaidia waliotapeliwa waokoe kinachookoleka. Laini mliyoivunja ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki na za barua pepe, na simu mliyoifungia kabatini ndiyo yenye meseji, namba zilizopiga na saa zake. Mmemfungia nje mwenye mali, na ushahidi mmeuweka mbali na wanaouhitaji.

Anzeni na benki au huduma ya pesa za simu, dakika hiyo hiyo. Tumieni namba iliyo nyuma ya kadi au mliyoitafuta wenyewe, kamwe si ile iliyompigia, kwa sababu namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa. Ombeni akaunti izuiwe na muamala upingwe. Pesa ikishahamishwa kutoka akaunti ya kwanza ya tapeli, kuirudisha huwa kugumu mno. Kisha polisi, na mchukue namba ya taarifa.

Sasa simu. Kama alielekezwa kupakua programu ya kuendesha simu kwa mbali, mfano AnyDesk au TeamViewer, zimeni intaneti kwanza, pigeni picha kila kitu, ndipo muiondoe. Nywila zibadilishwe kwenye kifaa kingine, mkianza na barua pepe, maana kupitia hiyo nyingine zote hubadilishwa. Humo kagueni namba ya kurejesha akaunti na kama kuna barua zinazoelekezwa kwingine. Kwenye WhatsApp tazameni vifaa vilivyounganishwa. Pigeni ##002#, ambayo katika mitandao mingi hufuta uelekezaji wote wa simu. Wengi huisahau, kumbe tapeli anaweza kuendelea kupokea simu za mzee.

Hayo yote hufanyika kwa siku moja. Kinachoharibu mambo ni ile imani kwamba mzee ametapeliwa kwa sababu ni mzee. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ambayo hukusanya taarifa za utapeli, imekuta mwaka baada ya mwaka kwamba miongoni mwa wanaoripoti, vijana wa miaka 20 hadi 29 husema wamepoteza pesa mara nyingi kuliko waliovuka 70. Wazee wakipoteza, kiasi ndicho huwa kikubwa, maana wana akiba. Tapeli hahitaji mjinga. Anahitaji mtu aliyeshtuka, asiyeruhusiwa kukata simu wala kumwambia yeyote.

Familia hushangaa zaidi zikisikia kwamba mzee alimdanganya mhudumu wa benki alipoulizwa pesa ni za nini. "Basi alijua!" Hapana. Alifundishwa la kujibu. Aliambiwa kwamba wafanyakazi wa benki wenyewe wanachunguzwa na akiropoka ataharibu upelelezi. Alidhani anashirikiana na polisi. Nchini Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki kwa kawaida zinatakiwa kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa kwa mkono wake mwenyewe, hadi pauni 85,000. Sheria hiyo imekubali kwamba kubonyeza "tuma" hakumfanyi mtu awe mshirika wa aliyemwibia. Sielewi kwa nini watoto wake wa kuzaa wanakuwa wagumu kuliko sheria.

Kwa hiyo msimuulize "kwa nini ulimpa?" Muulizeni, "Alianza kwa kusema nini?" Halafu nyamazeni, mwandike. Maelezo hayo yanahitajika benki na polisi, na mzee mwenyewe, akisimulia kwa mpangilio, huanza kuona alipoingizwa mjini.

Je, huenda kumbukumbu zake zinapungua kweli? Huenda. Kushindwa kusimamia pesa kunaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa kusahau, na kama alikuwa akilipa bili mara mbili hata kabla ya hapo, mpelekeni kwa daktari. Ila msimpime wiki ile ile, wakati halali na anatetemeka kila simu ikilia.

Kuna jambo linaloninyima amani. Huwa nashauri ukomo mdogo wa kutuma pesa kwa siku na taarifa za miamala kwenda kwa mtu wa pili, mzee akiridhia. Wapo wanaokataa, wakaibiwa tena. Na wapo waliokubali, kisha mtu wa pili, ndugu wa damu, ndiye akawamaliza. Ndiyo maana nasema aone taarifa tu, asishike namba ya siri.

Na tapeli wa pili atapiga. Matapeli huuziana orodha za waliowahi kulipa, kwa hiyo atajiita wakili au mpelelezi aliyepata pesa zake, anayehitaji ada kidogo tu kuzirudisha. Mwambieni mzee mapema, wiki hii, kwamba simu hiyo inakuja. Ikija, akate, awaite, nanyi mje bila kumfokea, hata kama ada ameshalipa.