Kura Bado, Kauli Unayo: Dhana Potofu Kuhusu Asasi za Kiraia na Mabunge ya Majimbo ya Marekani

Mlangoni pa maktaba ya mtaa kuna meza yenye fomu za kujiandikisha kupiga kura, kalamu na bakuli la pipi. Nyuma yake mama wawili wa makamo, kutoka asasi ya kiraia, wanasalimia kila apitaye. Watu wetu, Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania, wakiwaona huongeza mwendo. Uliza sababu utajibiwa haraka: "Hao ni watu wa chama." Mwingine atakwambia, "Kaka, mimi uraia bado, hayo hayanihusu." Nimeyasikia maneno haya kwa miaka, na yananiuma, maana watu wanajinyima kitu ambacho sheria ya nchi hii haijawanyima.

Dhana: "Ni tawi la chama, wamebadilisha nguo tu."

Chukua asasi kongwe kuliko nyingi, League of Women Voters, yaani Ligi ya Wapiga Kura Wanawake. Carrie Chapman Catt aliianzisha Chicago Februari 1920, miezi sita kabla Marekebisho ya 19 ya Katiba hayajaidhinishwa, yale yaliyopiga marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wapiga kura wapya. Mpaka leo haimpigii debe mgombea wala chama. Uchaguzi ukikaribia hutuma maswali yaleyale kwa wagombea wote wa kiti kimoja, na huchapisha majibu kama walivyoyaandika wenyewe. Mwaka 1988 ilijitoa kudhamini mdahalo wa wagombea urais, kwa sababu timu za kampeni za vyama vyote viwili zilikuwa zimeshakubaliana pembeni kuhusu waulizaji na hata watu wa kukaa ukumbini.

Ila hapa tuelewane vizuri: kutofungamana na chama si kukaa kimya. Asasi hii ina misimamo kuhusu afya, mazingira, haki za uzazi na mengineyo, na mingi inakaribiana na ya Wademokrati. Warepublikan wengi huilalamikia kwa hilo, na lalamiko lao si la kupuuzwa. Unapopokea kijitabu chake kuhusu mswada fulani, soma na hoja za upande wa pili. Lakini tazama pia ilikokwenda mahakamani. Mwaka 2011 tawi la Illinois lilishtaki kuhusu ramani ya maeneo ya uchaguzi iliyochorwa na Wademokrati, likashindwa. Mwaka 2017 tawi la Pennsylvania likashtaki kuhusu ramani iliyochorwa na Warepublikan, na Januari 2018 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikaifuta. Mtumwa wa chama kimoja asingefungua kesi zote mbili.

Tena kuna sheria ya kodi. Tangu 1954, asasi iliyosajiliwa kuwa ya hisani imekatazwa kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kuzungumzia miswada inaruhusiwa, kwa kiasi.

Dhana: "Jina lenyewe linasema ni la wanawake."

Wanaume wanaruhusiwa kuwa wanachama kamili tangu 1973. Tuendelee.

Dhana: "Mambo yote yanaamuliwa Washington."

Hii naielewa inakotoka. Karatasi zetu za uhamiaji ziko mikononi mwa serikali ya shirikisho, kwa hiyo macho yetu yote yako huko. Lakini leseni yako ya udereva ni ya jimbo. Leseni ya muuguzi ni ya jimbo. Muda ambao mwenye nyumba lazima akupe kabla ya kukutoa, kwa kawaida ni sheria ya jimbo, na sehemu kubwa ya fedha za shule ya mwanao inapangwa na Bunge la jimbo. Aprili 2016 huko Nebraska, wabunge walipindua kura ya turufu ya gavana ili wahamiaji wenye kibali cha kazi waweze kupata leseni za fani zao. Kwa aliyesomea uuguzi au ualimu akawa amekwama, hiyo ilikuwa siku kubwa kuliko hotuba yoyote ya rais.

Na wabunge hao si watu wa mbali. New Hampshire ina watu takriban milioni 1.4, na Baraza lake la Wawakilishi lina wajumbe 400, wanaolipwa dola 100 kwa mwaka. Mbunge wa namna hiyo unakutana naye dukani akinunua maziwa.

Dhana: "Bila uraia huna neno mbele ya Bunge."

Hii ndiyo inayotuumiza kuliko zote, kwa sababu inachanganya vitu viwili.

Kupiga kura ni jambo moja. Kama si raia, usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata mama wa pale mezani akikusukumia kwa nia njema, hata karani wa leseni akikuuliza harakaharaka. Mwambie wazi, "Mimi si raia." Kudai uraia usio nao kunaweza kukuondoa nchini, na siku ya kuomba uraia fomu itakuuliza kama umewahi kujiandikisha. Katika hili sina mzaha.

Kutoa maoni ni jambo lingine. Vikao vya kamati za mabunge ya majimbo viko wazi kwa umma, na anayekwenda kuzungumzia mswada kwa kawaida haulizwi pasipoti. Nebraska karibu kila mswada hupewa kikao cha kusikiliza wananchi. Bunge lake lina baraza moja tu, la maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura majina yao hayaandikwi chama. Hapa ndipo asasi hizi zina faida: zitakwambia mswada unasikilizwa lini, katika chumba gani, na jinsi ya kubana hoja yako iishe ndani ya dakika tatu. Kuisema ni juu yako.

Nilishawahi kumsindikiza mama mmoja kutoka Kivu kwenye kikao cha namna hiyo, Lincoln, mji mkuu wa Nebraska, mwezi wa pili, theluji nje. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari la shule la mwanawe, akiikunja na kuikunjua mpaka ikalegea kama kitambaa. Ukifika kiti cha mbele unampa karani fomu uliyojaza, taa ya kijani inawaka. Ya njano inakuonya, ikija nyekundu unamaliza. Mwenyekiti akamwomba ataje jina lake kisha alitamke herufi moja moja, liingie kwenye kumbukumbu za Bunge. Mama akasita. Tangu aje nchi hii, kila ofisi ilikuwa imeliandika jina lake inavyotaka yenyewe. Akainua kichwa, akaanza herufi ya kwanza, polepole, mpaka ya mwisho. Karani akamsomea ili ahakikishe, naye akasema, "Ndiyo, hivyo hivyo," kwa Kiswahili, na taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.