Juan de Garay na mji uliojengwa mara mbili

Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina ya leo, ulianzishwa mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1536, mji haukudumu hata miaka sita. Mara ya pili, tarehe 11 Juni 1580, ulishika, na haujahama tena. Mwanzilishi wa mara ya pili ni Juan de Garay, na ukifuatilia maisha yake utaona kwamba kilichotofautisha miji hiyo miwili ni chakula, mifugo, na aina ya watu waliopelekwa kuishi pale.

Tuanze na ule ulioshindwa. Pedro de Mendoza aliondoka Hispania Agosti 1535 na merikebu zaidi ya kumi na watu zaidi ya elfu moja, wengi wao askari na watoto wa mabwana wasiojua kushika jembe. Walifika Río de la Plata, mlango mpana wa mto unaoingia Bahari ya Atlantiki, mwanzoni mwa 1536, majira ambayo si ya kupanda. Wenyeji wa pale, Waquerandí, walikuwa watu wa kuhamahama, wawindaji na wavuvi. Hawakuwa na maghala ya nafaka. Kwa siku chache za mwanzo waliwapa wageni samaki na nyama. Wageni walipoanza kudai kwa nguvu, wakaacha kuleta. Likafuata pigano la Juni 1536 lililomuua Diego, ndugu yake Mendoza, kisha mji ukazingirwa na kuchomwa moto. Askari mmoja Mjerumani aliyekuwamo, Ulrich Schmidl, aliandika baadaye kwamba watu walikula panya, nyoka na ngozi za viatu, na kwamba wenzao walionyongwa kwa kosa la kula farasi walikatwa nyama usiku. Mendoza mwenyewe, akiwa mgonjwa sana, alifia baharini 1537 akirejea kwao. Mwaka 1541 waliosalia waliuvunja mji wakahamia Asunción, katika Paraguay ya leo, zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya bara. Farasi wachache waliobaki nyikani wakazaana. Tutawakuta tena.

Garay wakati huo alikuwa mtoto. Alizaliwa karibu mwaka 1528 kaskazini mwa Hispania, upande wa Wabaski, na mwaka 1543 akavuka kwenda Peru na mjomba wake, Pedro de Zárate, aliyekuwa jaji. Mwaka 1561 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Santa Cruz de la Sierra, katika Bolivia ya leo, chini ya Ñuflo de Chaves, na 1568 akahamia Asunción. Kwa hiyo alipokabidhiwa kazi ya kuanzisha mji alikuwa na miaka zaidi ya 25 katika nchi zile, na alijua mji mchanga unakula nini mwaka wake wa kwanza.

Asunción ilikuwa na watu wengi na njia chache. Kizazi kipya kilikuwa kimekua pale, vijana machotara wa baba Mhispania na mama Mguaraní, yaani mwenyeji wa nchi ile, wazoefu wa farasi, mtumbwi na jembe, lakini hawakuwa na ardhi wala cheo. Hao ndio Garay aliowachukua. Aprili 1573 aliteremka mto Paraná na watu wasiozidi 90, Wahispania kati yao hawakufika hata kumi, na tarehe 15 Novemba akaanzisha Santa Fe. Kabla ya hapo, kwenye kingo za mto huohuo, walikutana na kundi la Jerónimo Luis de Cabrera, mwanzilishi wa Córdoba ya Argentina, ambaye naye aliidai ardhi ile. Santa Fe ikawa kituo cha katikati, na bila kituo hicho safari ya kwenda baharini ingekuwa ndefu mno.

Ndipo ikaja zamu ya Buenos Aires. Tangazo la kutafuta walowezi lilitolewa Asunción. Serikali haikulipa mshahara. Kila mtu alijigharamia silaha na farasi, na malipo yake yangekuwa ardhi pamoja na haki ya kukamata wale farasi mwitu, uzao wa farasi wa Mendoza. Machi 1580 Garay aliondoka kwa karaveli, yaani merikebu ndogo ya tanga, mashua mbili na mitumbwi, huku kundi jingine likiswaga ng'ombe na farasi kwa nchi kavu. Mifugo hiyo ndiyo iliyouokoa mji. Wenye kupewa viwanja walikuwa takriban 65, wengi wao wazaliwa wa Asunción. Mwanamke mmoja, Ana Díaz, alipewa kiwanja kwa jina lake mwenyewe.

Tazama jinsi mji ulivyopimwa. Kipimo kilikuwa vara, ambayo ni karibu sentimita 87. Mji ulichorwa kama ubao wa dama, vitalu 16 kando ya mto na 9 kwenda ndani. Kila kitalu kilikuwa na vara 140 kila upande, yaani karibu mita 121, na barabara kati yao vara 11, kama mita 9 na nusu. Vitalu vya karibu na uwanja mkuu viligawanywa mara nne, robo moja kwa kila mlowezi, ajenge nyumba. Vya pembeni vilitolewa vizima kwa bustani za mboga na matunda. Nje kabisa yalipimwa mashamba marefu membamba kuelekea kaskazini: upana vara mia kadhaa upande wa mto, urefu ligi nzima, karibu kilomita tano, kwenda bara, ili kila shamba lipate maji. Atembeaye leo katikati ya Buenos Aires bado anapita kwenye barabara hizohizo, na wembamba wake ni ule wa vara 11.

Mji uliwekwa juu ya ukingo ulioinuka, maji ya mafuriko yasipofika. Siku ya kuanzishwa, Garay aliteua mahakimu 2 na madiwani 6, akasimamisha uwanjani nguzo ya haki, alama ya mamlaka ya mji, kisha akachomoa upanga, akakata majani na kupunga hewani, ishara ya kutwaa ardhi kwa jina la mfalme. Mfalme huyo ni Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye mwaka 1573 alikuwa ametoa kanuni 148 za namna ya kuanzisha miji. Huyohuyo, baada ya kurithi pia taji la Ureno, ndiye ambaye kwa amri yake Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593.

Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na jambo hili halipaswi kupitwa juujuu. Mwaka 1582 Garay aligawa machifu pamoja na watu wao kwa walowezi, wawafanyie kazi, na wale waliogawiwa hawakuulizwa. Hata machotara waliomjengea miji walikuwa na kinyongo, kwa sababu vyeo vingi vilikwenda kwa Wahispania. Wakati Garay anajiandaa kuanzisha Buenos Aires, mwishoni mwa Mei 1580, machotara wa Santa Fe waliasi wakiongozwa na viongozi saba. Uasi ulizimwa kwa muda mfupi na viongozi wakauawa.

Kifo cha Garay kilitokana na uzembe wa usiku mmoja. Machi 1583 alikuwa akipanda mto kutoka Buenos Aires kwenda Santa Fe. Kundi lake lilishuka pwani ya mto kulala, na zamu ya ulinzi haikuwekwa. Wenyeji waliwavamia usingizini kwa marungu, wakamuua Garay na makumi ya wenzake.

Santa Fe aliyoianzisha ilipata adui mwingine. Kuta zake zilikuwa za udongo: mbao mbili husimamishwa sambamba, udongo wenye unyevu kidogo humwagwa katikati na kushindiliwa kwa mchi tabaka baada ya tabaka, kisha mbao hupandishwa juu. Ukuta wa namna hiyo hudumu ukifunikwa paa na msingi ukiwa mkavu. Lakini mto ulikuwa ukila ukingo mwaka hadi mwaka, nyumba zikaanza kuporomokea majini, na kati ya 1651 na 1660 wakazi walihamisha mji mzima karibu kilomita 80 kusini, wakichukua mpangilio uleule wa vitalu. Mwaka 1949 Agustín Zapata Gollán aliifukua Santa Fe ya zamani huko Cayastá. Chini ya sakafu ya kanisa la San Francisco kulikutwa makaburi kadhaa, na humo ndimo walimozikwa Jerónima de Contreras, binti yake Garay, na mumewe Hernandarias, aliyekuja kuwa gavana. Kuta zimebaki vimo vya chini tu, zimeezekwa paa zisilowe mvua, na theluthi hivi ya mji imekwenda na mto.