Je, wajua? Sinta ya zamani ikiwekwa kompyuta ndani, kwanini sauti inabaki ileile?

Kuna watu wakisikia sintesaiza (sinta, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti chenyewe) ya miaka ya 70 imefunguliwa ikapachikwa chipu wanashika kichwa, wanaona utamu wote ndo umeisha hivo. Kumbe mara nyingi ile sauti haijaguswa kabisa, kilichobadilika ni mkono unaoichezesha.

Chukua sinta ya Minimoog Model D, ilitoka 1970. Ukibonyeza kinanda chake, kile kitufe chenyewe hakitoi sauti, kinatoa volti tu, na osileta (sehemu ya ndani inayotengeneza sauti) ikizipokea ndo inajua iimbe juu au chini. Volti ikipanda 1, sauti inapanda oktava nzima, na oktava ina nusutoni 12, kwa hiyo nusutoni moja ni kama milivolti 83 hivi. Sasa osileta haina macho bana, haijui hizo volti zimetoka kwenye kidole chako au kwenye kompyuta, yenyewe ikiletewa inaimba.

Upande wa kompyuta kuna MIDI, lugha ya kuambizana noti kati ya kompyuta na ala, iliyoanza 1983. Humo noti ni namba tatu tu: ya kwanza inasema washa, ya pili noti gani kati ya 0 na 127, ya tatu umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na zote tatu zinafika ndani ya kama milisekunde 1. Pale zinapoingilia kuna kidude kinaitwa optokapla, ndani yake kuna taa ndogo inawaka na ng'ambo kuna jicho linaona mwanga, waya hauvuki, na ndo maana ule muungurumo wa umeme nao hauvuki (mi naona hii ni akili sana). Baada ya hapo maikroprosesa inasoma namba, inaikabidhi chipu ya DAC, na DAC inaigeuza kuwa volti.

Kwenye DAC ndo wengi wanachemka. Ukiweka ya biti 8 una ngazi 256, zitandaze kwenye volti 10 unapata ngazi za milivolti 39, yaani karibu nusu ya nusutoni, hapo sinta itaimba kama mlevi. Biti 12 ina ngazi 4,096, kila moja milivolti 2.4, inatosha kwa noti za kawaida, ila mi ningeenda biti 16 moja kwa moja maana ukitaka noti iteleze polepole kutoka hapa mpaka pale hutaki kusikia ngazi zikihesabika.

Alafu hizi mashine hazikuwahi kukubaliana lugha. Korg MS-20 ya 1978 yenyewe volti lazima ziwe mara mbili kila oktava, 1, 2, 4, na Minimoog ili ianze kulia haitaki uiletee volti, inataka waya wake wa triga uguswe na graundi (upande wa volti sifuri). Kwa hiyo ramani ya mashine kwanza, kuchomelea waya baadaye.

Na sauti inaweza kuchafuka kweli, ila si kwa sababu ya "udijitali", ni umeme. Maikroprosesa inapiga mapigo mamilioni kwa sekunde, ukiichotea umeme palepale osileta inapokula, yale mapigo yanavuja na unaanza kusikia kimlio chembamba kama mbu nyuma ya muziki. Dawa yake ni kuipa regyuleta (kifaa cha kutuliza volti) yake peke yake na graundi za pande mbili zikutane sehemu moja tu.

Cha kuchekesha, wanaolalamika hivi wengi wanaiabudu sinta ya Prophet-5 ya 1978, na ile tangu inatoka kiwandani ina maikroprosesa ya Z80 ndani. Ndo inayokumbuka mipangilio 40 ya sauti, na kwa vile osileta za analogi joto linazihamisha, ukibonyeza kitufe cha Tune hiyohiyo kompyuta inazipima moja moja na kuzirudisha kwenye mstari.