Daktari wa tiba jumuishi ya wanyama: maana yake na namna ya kumchagua

Nchini Marekani wapo madaktari wa wanyama wanaojitambulisha kuwa hutoa tiba jumuishi, yaani tiba inayomtazama mnyama mzima badala ya kiungo kinachouma peke yake. Daktari wa aina hii huuliza mbwa anakula nini, analala wapi, ana uzito gani na anaogopa nini, kisha huunganisha dawa za kawaida na akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili), mitishamba, ukandaji au mabadiliko ya lishe. (Kiswahili kinaipokea dhana hii bila taabu, kwani neno "mzima" lina maana ya aliye kamili na pia ya mwenye afya.)

Jumuishi si sawa na mbadala, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapoteleza. Mbwa mzee mwenye yabisi ya nyonga anaweza kupewa dawa ya maumivu, akapunguzwa uzito, akafanyishwa mazoezi ndani ya maji na kuchomwa sindano za akupancha. Hiyo ni tiba jumuishi. Paka mwenye kisukari akiachishwa insulini kwa ahadi ya majani fulani, hiyo ni tiba mbadala, nayo yaweza kumuua katika muda wa siku chache.

Anayetafuta daktari huyu aanze na leseni, ambayo hutolewa na bodi ya jimbo, kwa sababu mtu asiye daktari wa wanyama hageuki kuwa daktari kwa kujua mitishamba. American Holistic Veterinary Medical Association, chama cha madaktari wa tiba hii kilichoanzishwa mwaka 1982, kina orodha ya wanachama inayosaidia kupata majina, ingawa uanachama wenyewe si ushahidi wa umahiri. Tiba jumuishi haimo miongoni mwa fani za ubingwa zinazotambuliwa na chama kikuu cha madaktari wa wanyama nchini humo. Kwa hiyo ni haki yako kuuliza amesomea akupancha au mitishamba wapi, na kwa muda gani. Kwa akupancha, International Veterinary Acupuncture Society, chama cha kimataifa cha akupancha ya wanyama, imekuwapo tangu mwaka 1974 na hutoa mafunzo yenye cheti.

Baada ya vyeti, msikilize anavyofikiri. Je, huagiza vipimo vya damu kabla ya kutaja tiba? Anaweza kusema ni baada ya wiki ngapi mtakubaliana kwamba njia yake haikufaa? Yuko tayari kuzungumza na daktari wako wa kawaida? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa mitishamba hugongana na dawa, na kitu cha asili si lazima kiwe salama: kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na mafuta ya mti uitwao tea tree ni sumu kwa paka, ambaye ini lake hushindwa kuchuja kemikali nyingi.

Homiopathi, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, nayo ihojiwe zaidi. Mwaka 2017 chuo kinachosimamia madaktari wa wanyama nchini Uingereza kilitamka kwamba haina msingi wa ushahidi unaotambulika. Daktari akikwambia matone yake yanatosha badala ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo majimbo mengi ya Marekani yameiweka kisheria, mchukue mnyama wako uondoke.