Je, Wajua kwa Nini Jiji Kavu la Dodoma Lina Jina la Tope?

Mgeni anayeshuka Dodoma mwezi wa Oktoba hupokewa na vumbi. Miti mingi imekwisha kupukutisha majani, mibuyu imesimama mitupu, na mito inayoonekana kwenye ramani ni michirizi ya mchanga ambamo mbuzi hupita bila kulowesha kwato. Mgeni huyo akiuliza maana ya jina la jiji, huambiwa jambo asilolitazamia: Dodoma ni neno la kuzama. Asili yake ni Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa, ambamo idodomya ni mahali ambapo kitu kimezama topeni. Msemaji wa Kiswahili anaweza hata kusikia ndani yake mwangwi wa kitenzi chetu cha kudidimia. Swali linalonivutia, basi, ni hili: ilikuwaje nchi yenye kiu namna hii ikapewa jina la tope?

Wenyeji hueleza kwa hadithi mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo inayokubaliwa na wengi, husema kwamba tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akakwama katika tope la ukingoni, akawa anazama huku watu wakimtazama. Waliomwona wakapaza sauti: "Idodomya!" Kijito chenyewe kilipata jina kutokana na mikuyu iliyoota kandokando yake, na jina hilo lingali hai katika kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini.

Hadithi ya pili ina nyama ndani yake. Inasimuliwa kwamba Wagogo wa hapa waliiba ng'ombe wa majirani zao wa kusini, Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia peke yake. Wenye mali walipofika wakiwatafuta ng'ombe wao, waliikuta mikia imechomekwa katika ardhi ya majimaji, nao wenyeji wakawaambia kwa huzuni ya kujifanya kwamba mifugo imezama: idodomya. Wahehe wakabaki wanaitazama mikia.

Naipenda hadithi hii ya pili, lakini sidhani kwamba ndiyo iliyozaa jina. Wataalamu wa hadithi za mapokeo wana orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na Antti Aarne na kuendelezwa na Stith Thompson, ambamo kila aina ya hadithi hupewa namba, na hila ya kuchomeka mikia katika tope imo humo kwa namba 1004. Huko Ulaya wanyama wa hadithi hiyo huwa nguruwe. Ni hadithi inayosafiri, na kila inapofika huvaa mavazi ya wenyeji, kwa hiyo yaelekea kwamba ilipofika Ugogo ilikuta tayari pana mahali panapoitwa kwa neno la kuzama, ikakaa hapo kama mgeni aliyepewa kigoda. Hilo haliipunguzii thamani, kwa kuwa namna ilivyovaa mavazi ya Ugogo ndiyo inayotufundisha mengi kuhusu chakula cha nchi hii, kama tutakavyoona.

Jina lenyewe liliwahi kuwa na irabu moja zaidi. Mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1907, wakati reli ya kati ilipokuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara, na hapo awali jina lilikuwa Idodoma. Ile "i" ya mwanzo ikaanguka njiani. Majirani zake hawakuipoteza: Ihumwa, Ipagala na Iyumbu, ambazo leo zimo ndani ya jiji, zingali zinatamkwa nayo.

Turudi kwenye tope. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na jumla ya mvua ya mwaka mzima kwa kawaida huwa kati ya milimita 500 na 600. Lakini mvua hiyo haiji kwa mpangilio wa upole. Hunyesha kwa nguvu kwa siku chache, mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi hujaa na kugeuka matope mazito, kisha jua huyakausha mpaka ardhi inapasuka. Yale mabonde machache ambayo unyevu hubaki ndani yake baada ya mvua kwisha ndiyo ambayo kila kiumbe huyakimbilia, tembo na ng'ombe na binadamu. Ndiyo kusema kwamba, katika nchi ya aina hii, tope ni alama ya maji, na mahali penye maji ndipo panapostahili kupewa jina. Nchi yenye mito mingi isingeona ajabu yoyote katika tembo aliyekwama.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi iliufahamu ukweli huo vizuri sana. Ugogo ilikuwa kipande kikavu cha safari, na watemi wa Kigogo, ambao pia walikuwa wenye dhamana ya mvua katika maeneo yao, waliwatoza wapitaji malipo kabla ya kuwaruhusu kuteka maji, kununua nafaka na kupita. Malipo hayo yaliitwa hongo. Leo Mtanzania akilisikia neno hilo hufikiri rushwa, lakini katika kumbukumbu za misafara ile lilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa hadharani, mara nyingi kwa siku kadhaa.

Sasa tuitazame tena ile mikia. Msikilizaji wa leo anaweza kudhani kwamba kiini cha hadithi ni wizi tu, lakini kwa mfugaji wa Ugogo kulikuwa na jambo kubwa zaidi: ng'ombe waliliwa wote kwa mara moja. Ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame na ni kiungo cha ukoo na ukoo. Hachinjwi kwa sababu tu watu wamepata hamu ya nyama. Chakula cha siku zote kilikuwa, na kwa nyumba nyingi kingali, ugali na mlenda. Hadithi ya kundi zima lililoliwa likabaki mikia ilikuwa karamu ya kufikirika kwa watu waliokuwa wakila mboga ya majani karibu kila jioni.

Hapa neno "mboga" lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu huwachanganya wageni. Katika Kiswahili cha Tanzania bara, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, hata kama ni samaki au nyama, na ndiyo maana mtu wa Dodoma anaweza kusema bila kukosea kwamba leo mboga ni kuku. Anayetaka kutaja majani peke yake husema mboga za majani.

Mlenda, unaoitwa ilende kwa Kigogo, ndio mboga ambayo kwayo Dodoma inajulikana nchi nzima, na mara nyingi watu wasioujua huutaja kwa kebehi kwa sababu ya utelezi wake. Nadhani wanaukosea heshima. Mlenda ni jina la jumla la mimea kadhaa inayoota yenyewe mashambani na porini mvua zinaponyesha, bila kupandwa na bila kupaliliwa. Wanawake huichuma katika wiki zile chache za ukijani, huianika juani mpaka ikauke kabisa, kisha huitwanga ikawa unga wa kijani kibichi uliokoza, ambao huhifadhiwa mpaka msimu mwingine. Pengine huchanganywa na majani makavu ya kunde au ya maboga. Siku ya kupika, maji huchemshwa na magadi kidogo, unga hunyunyizwa huku ukikorogwa, na mwenye karanga huongeza karanga zilizotwangwa. Haudai mafuta, na hauchukui kuni nyingi. Ukiingia soko la Majengo au Sabasaba ukawaamkia wauzaji kwa "Mbukwenyi!", yaani salamu ya Kigogo kwa watu wengi, utaukuta ukipimwa kwa kikombe, na muuzaji akisikia salamu hiyo kutoka kwa mgeni, aghalabu kipimo huongezeka kidogo.

Utelezi ule unaodharauliwa una kazi yake. Ugali wa asili wa Ugogo, wugali kwa wenyewe, ni wa uwele au mtama, nafaka ambazo unga wake ni mzito na wenye chembechembe kuliko wa mahindi, na ambao tonge lake kavu hushuka kwa shida. Mlenda hulifanya lishuke bila taabu. Wakulima waliuchagua uwele kwa sababu hukomaa mapema na huvumilia mvua inayokatika katikati ya msimu, jambo ambalo mahindi hayaliwezi. Gharama yake ni ndege: kwelea kwelea huweza kumaliza shamba kwa muda mfupi, na hivyo kazi ya kuamia, yaani kukaa shambani kuwafukuza, huchukua asubuhi nzima za watoto na watu wazima. Siku hizi mahindi yamejaa tele, hasa kutokana na soko kubwa la nafaka la Kibaigwa wilayani Kongwa, na ugali mweupe umeingia katika nyumba nyingi ambazo zamani zilipika wa kijivu.

Kuna neno moja la chakula ambalo wazee wa Ugogo hulitamka kwa sauti ya chini, nalo ni Mtunya. Ni jina la njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, na maana yake ni kinyang'anyiro. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita. Kisha mvua zikakosekana, na akiba ambayo ingewavusha watu katika ukame haikuwapo tena. Wagogo walikuwa na mbinu nyingi za kupambana na kiangazi, lakini mbinu hizo zilitegemea ng'ombe wa kubadilishana na nguvu za vijana, na vyote viwili vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Jina walilolichagua halisemi kwamba mvua haikunyesha. Linataja kunyang'anyana.

Matunda ya porini yaliyosaidia nyakati kama hizo yangali yanauzwa barabarani. Ubuyu hapa hupatikana ukiwa mweupe, jinsi ulivyotoka katika kifuu chake, tofauti na ule wa rangi na sukari uliozoeleka pwani. Furu, matunda meusi madogo ya mti ambao Wagogo huuita mfulu, hupimwa kwa fungu.

Reli, na baadaye uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, vilileta watu na maneno yao. Kutoka Usukuma na Unyamwezi yalikuja michembe na matobolwa, ambayo yote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, isipokuwa michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi na matobolwa huchemshwa kwanza. Mgogo aliyezoea kukausha mlenda hakuhitaji kufafanuliwa sababu.

Na neno jipya kuliko yote ni la zabibu. Zao hili lililetwa na wamisionari, na likastawi katika nchi hii kwa sababu zilezile zinazoifanya iwe ngumu kwa mahindi: jua kali, hewa kavu na kiangazi kirefu, ambavyo kwa kukata matawi kwa wakati na kumwagilia humwezesha mkulima kuvuna mara mbili kwa mwaka. Neno lenyewe limesafiri pia. Kwa Kiarabu, zabibu ni tunda lililokwisha kukauka. Kiswahili kikalipa tunda bichi, na likikauka tunalazimika kusema zabibu kavu. Wakulima wa Dodoma wameongeza lao. Maji ya zabibu zilizokamuliwa, yanayouzwa kwa viwanda vya mvinyo, wao huyaita mchuzi wa zabibu, na mgeni anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba jirani yake ana mapipa ya mchuzi yasiyo na mnunuzi huenda akafikiria sufuria, kumbe anaambiwa habari za mavuno ya shamba zima.